Biasha Hakubali Kutunza wa Pili

Pale Nkowe ukiuliza nyumba ya Biasha wa maandazi, hata mbuzi watakuonyesha. Mikorosho anayo, mume ametangulia mbele ya haki, watoto wamesambaa. Lakini ukitaka kumjua usimtazame shambani. Mtazame siku kikundi chetu kinakwenda kusikiliza muziki.

Sisi akina mama tulianza kwa kuzikana na kuuguzana. Baadaye tukaona, jamani, tutakutana kwenye misiba tu? Ndiyo zikaanza safari. Korosho zikishauzwa, au Iddi ikifika, tunakodi Kosta kwenda kuwaona wanamuziki wenyewe, siyo wa kwenye simu. Mara taarabu Nachingwea, mara tamasha la kwaya Ruangwa mjini, maana Lusia na wenzake wa parokiani nao wana haki yao.

Kote huko wa mbele ni Biasha. Mwimbaji wa taarabu akipatia, watu huinuka kumtunza: mnapanga mstari, mnacheza taratibu mpaka jukwaani, kila mmoja na noti yake. Wa kwanza wetu ni Biasha. Nani kamchagua? Kajichagua mwenyewe, tumezoea. Hata kwenye kwaya alikwenda mbele akikata kiuno, noti kichwani. Mwalimu wa kwaya akadhani kapata mtu wa kubatiza.

Halafu akaja Hajra, kaolewa kwetu akitokea Narung'ombe. Mwembamba, mpole, lakini mabega yale! Yakisikia kinanda yanacheza yenyewe, mwenye mwili hana habari. Safari yake ya kwanza alikuwa mkiani kabisa mwa mstari, na bado mwimbaji akatuacha wote akamtazama yeye. Njia nzima ya kurudi ikawa Hajra, Hajra.

Mwamini, mwenyekiti wetu, ulimi ukamteleza. "Iddi ijayo Hajra angetangulia, mnaonaje?"

"Kwani mimi nimeshakufa?" akauliza Biasha.

Tukacheka. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo Hajra akinunua maandazi, yake ndiyo yanayotoka yameungua.

Sasa, kikundi kina sheria moja ngumu: asiye na sare hatunzi. Anakaa, anapiga makofi. Na anayechagua kitambaa cha sare ni Biasha. Iddi ilipokaribia, Hajra alikuwa Narung'ombe kwa mama yake, wanavuna ufuta. Akapiga simu.

"Shikamoo dada Biasha. Sare rangi gani, nishone huku huku?"

"Marahaba. Njano, mdogo wangu. Njano ile ya kukoza."

Rabia, mwenzetu wa kikundi, alikuwa amekaa palepale anasubiri maandazi. Akadhani wanaongelea mapazia, maana sisi wote tulishashona zambarau.

Iddi pili, mchana, tuko ukumbini Nachingwea. Hajra akashuka kwenye bodaboda, akaingia. Njano kama embe bivu.

"Hee! Mwenzetu vipi?" Lusia akashangaa.

"Masikini, mtandao wa Narung'ombe mbovu," akadakia Biasha. "Basi mdogo wangu, kaa hapa utushikie mikoba."

Hajra akakaa, machozi yanamlenga, mikoba ya kikundi kizima imemzunguka. Mwimbaji akapanda, akaimba mpaka mtu unasahau deni la mbolea. Biasha akajitikisa gauni, akasimama, sisi nyuma yake. Mara mwimbaji akanyoosha mkono.

"Ngojeni kwanza, wageni wangu wa Nkowe!"

Kumbe vikundi vya Nachingwea vina desturi yao, kiongozi havai kama wenzake. Mwimbaji kaona zambarau tupu, katikati njano moja, imekaa na mikoba yake kama malkia.

"Mwenyekiti akae, wanachama watangulie? Mama wa njano, njoo unifungulie!"

Mwamini, mwenyekiti halisi, alicheka mpaka akashika nguzo. "Nenda, mwenyekiti, unaitwa!"

Hajra akainuka na mikoba miwili bado mkononi. Alipofika katikati ya ukumbi akasimama. Akageuka.

"Dada Biasha, nashindwa."

Hapo Biasha angemmaliza. Kazi yake ilikuwa kukaa tu. Mwimbaji akarudia kibwagizo, akarudia tena, ukumbi mzima unangoja. Biasha akatafuna mdomo. Kisha huyo, akampokonya mikoba, akamtupia Lusia, akamshika kiuno kwa nyuma.

"Bega! Taratibu, unafukuza kuku? Mwache amalize mstari."

Wenzangu wanasema ilikuwa huruma. Mimi nasema hakuvumilia kuona kutunza kunaharibika mbele ya watu wa Nachingwea. Wakafika hivyo jukwaani, Hajra mbele, Biasha nyuma.

"Asante mama mwenyekiti," akasema mwimbaji, kipaza sauti wazi, "na msaidizi wako."

Msaidizi! Uso wa Biasha ulikuwa zambarau kuliko gauni.

Kwenye Kosta Hajra akaenda kukaa naye. "Dada, bila wewe ningeaibika leo."

"Bila mimi ungevaa zambarau," akasema Biasha, akageukia dirishani.

Hajra alifikiri kidogo, akaelewa. Hakuhama kiti.

"Basi safari ijayo nitanunua kitambaa mwenyewe," akasema. "Na nitatangulia."

Tumeshaingia Ruangwa, watu wanasinzia, ndipo nikamsikia Biasha.

"Bega lako la kushoto bado zito. Ukitangulia hivyo utatuaibisha. Uje nyumbani nikunyooshe."