Tulipaka motere ya pick-up rangi nyeupe, Butembo muzima ikatucheka

Bakubwa ba hapa, jambo yenu.

Hii nabaelezea ilipita mu parcelle yetu, kiwanja chetu hapa Butembo, na bibi yangu, mama ya mutoto wangu, iko pembeni anasoma kila mustari. Donc hata nikitaka kuongeza chumvi, sina nafasi.

Baba alituachia pick-up ya zamani. Alipokufa ikabakia pale, kuku zinalala ndani. Nikaanza kuitengeneza mwenyewe polepole, motere, ile injini, na boîte ya vitesse, sanduku ya gia, vyote chini, juu ya mbao.

Haraka ilikuwa ya Mzee Issa, commerçant ya Beni. Alikuwa anatafuta gari ya kumushushia viazi na mboga ya poireaux toka Masereka kila juma. Alinitumia neno: lete gari niione kwa macho yangu. Ikinipendeza, kazi ni yako. Isiponipendeza, kuko bengine.

Ile kazi tulikuwa tunaitaka sana. Mama Grâce, ndiye bibi yangu, iko na malewa karibu na soko, anapikia batu toka asubuhi mpaka jioni. Ile chakula yake ndiyo ilikuwa inatulisha sisi bote. Alikuwa amechoka, na nilikuwa naona vile anachoka.

Sasa, motere ilikuwa tayari mais sura yake ilikuwa mbaya, kutu na mafuta ya zamani tu. Nikanunua rangi ya silver, ile inavumilia joto kali, kama batu bote.

Mama Grâce akakataa. Akasema iwe nyeupe.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Motere nyeupe, mu vumbi ya hii barabara yetu?

Akaniambia bila kupandisha sauti: "Baba Grâce, hapa kwetu motere ya silver ni motere ya kuuzisha. Kila mutu anajua chini ya ile rangi kuko kitu."

Na ni kweli, bakubwa. Munazijua zile motere za occasion, zenye zilishatumika, zinang'aa mu depot, unafika nayo nyumbani inaanza kulia mafuta. Akaniambia tena mu malewa yake anatandika nappe nyeupe ku meza kila siku, hata kama kuzifua ni mateso, juu client akiona nyeupe anajua hakuna kitu kimefichwa.

Nikarudisha silver dukani. Ningefanya nini?

Hapo ndipo nilimushangaa huyu mwanamuke. Alisugua motere na boîte kwa essence, ile petroli, na brosse, kisha maji ya moto na sabuni ya unga, vile anasugua masufuria yake. Alinikatalia kushika rangi mpaka apanguze na kitambaa safi, kitoke safi.

Tukafunga scotch ya kubandika na magazeti kwenye kila tundu. Collecteur ya moshi, pale moshi ya moto inatokea, tuliiacha vile, juu pale rangi inaungua. Tukapaka nyepesi, tukangoja ikauke, tukapaka tena. Na jua ya Butembo munaijua, inachungulia na kurudi ndani.

Bajirani balipita kuangalia. Mumoja akauliza tutaibatiza siku gani. Mwingine akasema tumetengeneza frigo.

Basi, tukarudisha vyote mu gari, nikashuka Beni. Ku barrière mwanajeshi alinifungulisha capot, kifuniko cha motere, akacheka sana, akanipitisha.

Mzee Issa alikuwaka chauffeur yeye mwenyewe zamani. Hakusalimia mingi. Alitandika carton, akaingia chini ya gari.

Nikainama. Juu ya ile boîte nyeupe kulikuwa mustari mweusi wa mafuta, mubichi, unashuka mpaka chini. Kwa motere ya silver ungetafuta na torche.

Nilijua kazi imeenda, nikamuwaza Mama Grâce mbele ya makaa yake.

Mzee alifuata ile mafuta na kidole mpaka ku joint, mupira wa kuziba, yenye ilikuwa inaivujisha. Hakusimama hapo. Akapapasa juu ya boîte, kwenye katuyo kadogo, kale kabomba boîte inapumulia. Scotch yetu ilikuwa ingali pale, tulipaka rangi juu yake, nyeupe juu ya nyeupe! Boîte ilikosa pumzi, ikasukuma mafuta inje.

Akaibandua na ukucha. Ikatoa hewa, fyuu.

Akatoka, akapanguza mikono. Akasema: "Mimi nimeonyeshwa magari mengi ya kung'aa. Hii ni ya kwanza inanionyesha ugonjwa yake yenyewe. Panguza, uzunguke muji, urudi."

Nikaongeza mafuta, nikazunguka, nikarudi. Boîte ilikuwa nyeupe kabisa.

Akaniuliza nani alichagua ile rangi. Nikasema bibi yangu.

Akatingisha kichwa. "Basi umwambie kazi nimemupa yeye. Wewe uendeshe tu."

Nilimuambia vile vile, neno kwa neno. Alikuwa anaosha sahani. Aliacha zote mu maji, akakaa, akacheka peke yake mpaka machozi. Leo malewa anafunga saa sita ya muchana, na kisha ya saa sita analala.

Donc bakubwa, nimejifunza hii: mukipaka boîte, mutoe scotch yote. Na mupake rangi yenye itabasemea ukweli, hata siku ile munaogopa.

Wasingya, aksanti kwa kusoma. Bale ba silver, mufungule capot, muweke picha hapa chini. Mama Grâce anangojea kuziona.