Prosesa za Namanga Zilizochaguliwa Saa Nane

Niliondoka Kitengela nikiwa na jambo moja moyoni: kuonyesha kwamba mimi ni fundi. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Kampuni moja ya mawakala wa forodha kule Namanga ilitaka kompyuta kumi na mbili mpya, na mwenye kampuni, Mama Naserian, alinipa kazi ya kuchagua prosesa, kile kipande kidogo ambacho ndicho akili ya mashine. Muuzaji mmoja wa kompyuta wa Nairobi alikuwa amekwisha kumshauri achukue ile yenye mbio kuliko zote. Nikikubaliana naye tu, basi niliitiwa nini? Nikimpinga halafu nikosee, hakuna ofisi katika barabara ya Namanga ambayo ingeniita tena.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipakia kompyuta mbili kwenye pikapu ya jirani yangu, Mzee Abdullahi, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa akienda mnadani Kajiado. Mashine zilifanana kwa kila kitu isipokuwa prosesa: moja ilikuwa na ile ya mbio, nyingine ya kawaida. Nilizifunga kwa blanketi zangu mbili nzuri, maana vumbi la machimbo ya mawe ya njiani halina adabu.

Kajiado tulifika mnada umechangamka. Mzee Abdullahi aliwazunguka ng'ombe, akawashika nundu, akawatembeza, lakini hakununua hata mmoja.

"Mzee, si ununue tu?" nilimuuliza.

"Bado, Mama Mutuku. Hawa wamepewa maji mingi asubuhi, tumbo imejaa, wanapendeza. Mimi nanunua saa nane, wakishasimama kwa jua. Hapo ng'ombe anakuonyesha ukweli."

Akabaki na jua lake, akamwagiza dereva wake anifikishe Namanga.

Saa nne tulikuwa kwenye geti la kampuni. Bawabu alichungulia ndani ya gari, macho yakanipita, yakatua kwa dereva.

"Fundi, shuka utoe vitu."

"Fundi ni huyu," dereva alimjibu.

"Aai! Huyu mama?"

 Niliibeba mashine ya kwanza mwenyewe, nikapita mbele yake polepole ili aone vizuri. Ilikuwa nzito kuliko nilivyotaka ajue.

"Takwenya," Mama Naserian alinisalimu kwa Kimaasai.

"Iko," nikaitika. Akanipeleka kwa karani wake, Halima, aliyekuwa akiandika fomu za malori yanayovuka mpaka. Hakuna lori lililosogea kabla ya fomu yake kutoka. Ofisi ilikuwa ya mabati, na dirisha liliangalia barabara yenyewe.

Halima alijaza fomu zile zile kwenye mashine zote mbili. Ile ya mbio ilishinda, tena kwa mbali.

"Basi tunangoja nini?" Mama Naserian aliuliza. "Nataka kutuma oda leo."

Sitadanganya, ulimi wangu ulikuwa karibu kusema sawa. Halafu nikatazama yale mabati juu, nikawakumbuka ng'ombe wa Kajiado na matumbo yao ya asubuhi.

"Mama, ziache zote zifanye kazi. Nitakujibu saa nane."

"Niko na malori huko nje, wewe."

"Yatangoja zaidi mashine ikizima."

Akavuta kiti, akaketi. Masaa yale yalikuwa marefu. Kila fomu iliyotoka upesi ilinidhihaki.

Saa nane mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Feni ya mashine ya mbio ilianza kupiga kelele.

"Hii inanguruma kama posho mill ya kusaga mahindi," Halima alisema, na kabla hajamaliza, kioo kikawa cheusi. "Woi, imekula fomu yangu!"

Niligusa ubavu wa mashine, ukaniunguza, nikaondoa mkono haraka. Tuliiacha ipoe, tukaiwasha, ikazima tena. Ile ya kawaida haikuwa na habari. Halima alihamia hapo, akaandika fomu upya, akaitoa, na dereva wa lori aliyekuwa akigonga dirisha akaondoka nayo. Ile prosesa ya mbio haikuwa mbovu. Katika ofisi yenye ubaridi ingefaa sana, lakini hapa si kwao.

"Andika oda," Mama Naserian akaniambia.

Niliandika: kumi na mbili, za kawaida, na pesa zitakazobaki ziongezwe kwenye memori.  Nilijivuna, na bado najivuna.

Jioni tulimpitia Mzee Abdullahi Kajiado akiwa amenunua madume watatu, waliokwisha kutangulia kwa lori.

"Ulichagua saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa nane."

Alicheka mpaka Isinya. Mimi nilikuwa nimesoma kompyuta miaka miwili, na hakuna mtu darasani aliyewahi kuniambia niipime mashine mahali itakapofanyia kazi, saa ile kazi inapokuwa ngumu.

Mwezi uliofuata nilirudi Namanga kuzifunga zote kumi na mbili. Nikiwa nimepiga magoti chini ya meza, bawabu yule yule alibisha mlango.

"Kuna mwanaume wa Nairobi kwa geti. Anasema yeye ndiye huuza kompyuta, ndiye alimshauri Mama achukue zile za mbio, anataka kuingia aone hizi. Nimemwambia angoje mpaka fundi aseme."

"Mfungulie," nikamwambia. "Amekuja saa nzuri, saa nane inakaribia."