Kabichi la zambarau

Leo nimebeba kabichi mpaka shule ya awali. (Mimi nasema, binti yangu anachapa.)

Jana mjukuu wangu Neema alipewa herufi K na picha ya kabichi, apake rangi.

Akapaka zambarau.

Mwalimu, mgeni hapa Lushoto, akamwekea kosa. Leo mtoto kagoma kwenda shule.

Nikakata kabichi letu la zambarau, nikamshika Neema mkono, nikaenda nalo nikalitua mezani kwa mwalimu.

"Shikamoo bibi. Kumbe yapo?"

"Marahaba. Tunayala."

Akampa Neema vema. Kisha akaleta kitabu cha wageni: "Saini hapa, bibi."

Shule sikwenda mimi.

Neema akanipa kalamu yake ya rangi.

"Bibi, andika K, kama ya kabichi."

Nikaiandika. Mguu mmoja umepinda.

Nyie mliosoma, mngenipa vema?