Beseni na Kisosi

Daktari aliponiuliza kwa nini nataka kupunguzwa tumbo, nilimjibu sukari na magoti. Sikusema uongo. Sukari yangu ilikuwa imegoma kushuka, na magoti yalinililia kila nilipoona ngazi. Lakini jibu lenyewe lilikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu, mwenye hoteli ya chakula pale Mbale, na beseni lake la buluu.

Krismasi ile tulikuwa Busiu, kwa wazee wa mume wangu, ukoo mzima uani. Wifi ndiye aliyekuwa anapakua. Kila mtu alipewa sahani. Zamu yangu ilipofika, aliingia jikoni akatoka na lile beseni tulilonawia mikono, limesuuzwa, limejaa matoke, posho, yaani ugali, nyama, na juu yake malewa. Malewa ni machipukizi ya mianzi, hukaushwa kwa moshi kisha hupikwa kwa karanga. Mimi, mtu wa Jinja, nayapenda kuliko waliozaliwa nayo, na wifi analijua hilo. Akapiga magoti mbele yangu kwa heshima zote, beseni mikononi.

"Wifi, sahani zetu ni ndogo. Nimekutafutia saizi yako."

Uani wakacheka. Mimi nauza nguo za mitumba soko la Jinja na nina tabia ya kuhesabu kila kitu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza ni ya mteja na ya pili ni yangu. Nilihesabu waliocheka: kumi na saba. Nikahesabu tena: kumi na nane. Mara ya kwanza nilimruka mume wangu.

Nilikula, kwa sababu kuacha chakula cha watu ni tusi, na siku ile bado nilikuwa na adabu. Nilipofika nusu ya beseni nilishajua ninachotaka. Ipo siku nitakaa uani palepale, mbele ya watu walewale, wifi anipakulie, nami nimwambie kwa sauti ya upole, "Wifi, sahani hii kubwa mno. Huna kisosi?"

Hicho tu. Kwa neno hilo moja niliuza shamba la mihogo la marehemu mama yangu na kwenda kumwona daktari.

Hospitali ilikuwa ya binafsi, Mbale, ambako daktari bingwa huja kutoka Kampala wagonjwa wakijaa. Alinichorea tumbo kwenye karatasi, na juu yake akachora kitu kama kuku aliyeatamia.

"Hili ni ini lako," akasema. "Lina mafuta, limelala juu ya tumbo la chakula. Mimi naingia kwa matundu madogo, na kamera. Lazima nilinyanyue ini nifike chini yake. Kwa hiyo wiki mbili kabla ya operesheni hutafuni chakula, unakunywa tu. Ini litanywea. Ukila kwa siri, kamera itaniambia. Nitafunga matundu, nawe utarudi Jinja na makovu yako bure."

Akanipeleka kwa msichana wa lishe. Alikuwa mdogo, mwembamba, na karatasi yake ameiweka mezani kama mtu aliyetandaza bidhaa. Nikafurahi. Hiyo ndiyo kazi yangu.

"Mama, siku kumi na nne. Maziwa yaliyotolewa mafuta, mtindi bila sukari, supu iliyochujwa, maji."

"Nipe kumi."

"Mama, hii siyo gauni."

"Kumi na moja, na viazi vitamu viwili."

"Kumi na nne, bila kiazi."

"Basi angalau uji."

"Uji ni unga, mama."

Nikabeba mkoba wangu, nikajifanya naondoka. Nilifika mlangoni. Kwa kawaida hapo muuzaji hukuita. Yeye alimwita mgonjwa aliyefuata.

Nyumbani Walukuba, hapo Jinja, sikumwambia mtu isipokuwa mume wangu. Kwa watu wetu, kulipa mtu akukate tumbo ili usile ni kichaa, tena kichaa cha matajiri. Siku tatu za mwanzo kichwa kiliniuma hadi kwenye meno. Sokoni, mwanamke wa Masese alipita na karai lake la samaki wa kukaanga, kama apitavyo kila siku, nami nikageuka ukutani kama mtu anayekwepa mdai. Kituo cha boda mbele ya nyumba yetu kina kijana anayekaanga roleksi, yaani mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati, na upepo wa jioni ulikuwa ukimfanyia kazi bila mshahara. Nilipokaribia kushindwa, nililikumbuka beseni. Wengine humwomba Mungu. Mimi nilimwomba pia, lakini beseni ndilo lililokuwa likijibu upesi.

Mume wangu ni askari magereza, mtu wa kusimama wima hata akiwa na makosa. Alikuwa akirudi jioni anapangusa mdomo.

"Afande, umekula nini?"

"Sijala."

"Hiyo sijala yako ina vitunguu."

Wiki ya pili ilipoanza, wifi alipiga simu. Kiswahili ndiyo lugha yetu sisi wawili: Kimasaba chake mimi sikijui, Kisoga changu yeye hakijui. Mimi nilizaliwa kambini, baba askari, na yeye alikipata kwa madereva wanaokula hotelini kwake. Ni Kiswahili cha kuamrisha na kutukana. Kinatutosha.

"Wifi! Kijana wangu anaingia tohara Jumamosi, kule Busiu kwa wazee. Mtakuja?"

"Tutakosaje?"

"Beseni lako lipo. Nimelisugua."

Kumtahiri mtoto wa kiume kwa Wamasaba si sherehe ambayo mke wa mjomba anaomba ruhusa asiende. Mume wangu akasema, "Tuwaambie tu ukweli. Wataelewa." Nikamwambia akisema neno nitalala kwa dada yangu hadi operesheni. Jumamosi asubuhi nilijaza chupa ya chai kwa maziwa yangu mepesi, na wakati nakaza kifuniko nilikuwa najua vizuri ninachokwenda kufanya. Kwa Wasoga na kwa Wamasaba, mtu akikataa chakula cha nyumba, hakuna anayefikiri ameshiba. Wanafikiri ameona kitu ndani yake. Na wifi hula kwa jina la mikono yake. Nusu ya wageni wa siku ile ilikuwa wateja wake kutoka Mbale.

Tulifika Busiu kijana ameshakatwa, alisimama bila kupepesa macho, sasa amelazwa ndani, na ngoma zimegeuka za furaha. Vyungu vilikuwa vinashuka. Harufu ya malewa ilinifikia kabla ya salamu, ikanishika shingo. Wifi akaja, kitenge kipya, uso unang'aa kwa mwanawe, na sahani mkononi. Sahani, siyo beseni. Nadhani siku ile, kwa furaha yake, alikuwa ameamua kunisamehe kosa ambalo sikulifanya.

"Wifi, karibu chakula."

"Asante, wifi. Hapana."

Nikafungua chupa yangu, nikajimiminia maziwa, nikanywa.

Mkono wake ulibaki hewani. Shangazi wa mume wangu, mzee aliyejifunza Kiswahili enzi za wanajeshi na hajakirekebisha tangu hapo, akageuza kiti chake chote.

"Mke yetu. Chakula iko na nini?"

"Hakina neno, shangazi. Kizuri sana."

"Sasa unakataa sababu gani?"

"Sina njaa tu."

Nilisema hivyo kwa sauti ndogo, ya mtu anayeficha jambo kwa ajili ya amani. Hiyo ndiyo sauti inayosikika mbali. Mtu mmoja akaweka tonge chini. Jirani yake akaweka lake. Mwanamume mmoja wa Mbale aliacha kutafuna, akabaki na shavu moja limevimba, asijue ameze au ateme. Nilihesabu sahani zilizosimama, kisha nikahesabu tena, maana utamu kama ule haupiti mara mbili.

Wifi hakupiga kelele. Aliingia jikoni akatoka na beseni la buluu. Akapita kwenye kila chungu, akachota matoke, posho, nyama, kuku, malewa, akalijaza, akalileta katikati ya uwanja. Akakaa chini, miguu ameinyoosha, akaanza kula.

Alikula mbele ya wote, anatutazama mmoja mmoja. Hakuruka kitu. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Watu wakaanza kumshangilia kidogo kidogo, na sahani zikaanza tena kutembea, lakini yeye hakuacha. Alikuwa akilisafisha jina lake hadi kwenye sakafu ya beseni. Mimi nilikunywa maziwa yangu taratibu. Sijawahi kushiba vile.

Mwishoni alibakiza tonge moja, la malewa. Akainuka nalo kwa shida, akaja mbele yangu, akalileta mdomoni mwangu.

"Sasa wewe."

Tonge lilikuwa inchi mbili kutoka puani. Moshi, karanga, chumvi. Mate yalinijaa hadi nikaogopa kufungua mdomo kukataa.

"Kula tu," mume wangu akanong'ona. "Tonge moja haliui ini."

Alisema kweli. Lakini najifahamu: sijawahi kukutana na tonge moja lililokuja peke yake. Nilimwona daktari na kamera yake. Niliona shamba la mama likienda bure na kisosi changu kikienda nalo. Nikatikisa kichwa.

"Unaniita mchawi kwenye siku ya mwanangu?" wifi akasema, na safari hii sauti ilikatika.

Mume wangu hakustahimili. "Anakwenda kukatwa tumbo!" akapiga kelele, kama anayetangaza wafungwa waliotoroka. "Ili apungue! Hapo Mbale! Daktari amemkataza kutafuna!"

Wifi alinitazama mimi, akatazama chupa ya maziwa, akatazama beseni tupu.

"Lini?"

"Alhamisi."

"Na ukaniacha nile beseni zima."

"Nilidhani una njaa."

"Ulijua."

"Nilijua."

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, akashika mbavu. Wifi hakucheka. Alijitia lile tonge mdomoni mwenyewe, akalimeza kwa kulilazimisha, akanifuta maziwa kwenye kidevu kwa kidole gumba, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Hospitali wanataka mtu wa kukaa na mgonjwa," akasema. "Mimi niko Mbale. Nitakuuguza mimi mwenyewe."

Kwa jinsi alivyoyasema maneno hayo, polisi wangeweza kumwandikisha maelezo.

Jumatano jioni alifika wodini na mkeka, kanga na chupa ya chai. Siku hiyo ya mwisho nilikuwa nimeruhusiwa supu nyembamba tu, iliyochujwa hadi uone chini ya kikombe. Wifi akasimama katikati ya wodi, akawageukia wagonjwa na wauguzaji wao.

"Jamani, huyu wifi yangu ananiogopa. Naomba mnitazame."

Akamimina, akanywa funda, akafungua mdomo wote wauone, akasubiri. Mwanamke wa kitanda cha pili akasema, "Mpe, dada, hujafa." Ndipo akanipa.

Supu ilikuwa safi kama maji ya chemchemi, na ilikuwa na ladha ya malewa. Alikuwa ameyachemsha bila karanga, akayachuja kwa kitambaa, akayatoa yote akaacha moshi wake peke yake. Nilipoinua macho, alikuwa ananitazama.

"Umesikia utamu?"

"Nimesikia."

"Basi. Ndiyo mwisho wake huo."

Sikuuliza kama ni huruma au ni mateso. Kwa ninavyomjua, ni mateso. Nilikunywa yote, na nililia kidogo, na yeye alifurahi.

Alhamisi mchana nilipozinduka, daktari alikuwa amesimama miguuni pangu. "Ini lilikuwa jema," akasema. "Lilinyanyuka lenyewe. Ulijizuia kweli, mama." Sikumweleza aliyenisaidia. Alikuwa amelala kwenye mkeka chini ya kitanda, anakoroma.

Kesho yake waliniruhusu kunywa maji kwa kijiko. Wifi alishika kijiko, mimi nikafungua mdomo kama kinda.

"Sasa umekuwa mdogo, utakuja kunitukania nini?" akauliza.

"Lete mkoba wangu."

Nikatoa kisosi, cheupe, mstari wa dhahabu, nilichokinunua Jinja siku niliyolipia operesheni. Nikamweleza uani, watu walewale, maneno nitakayosema. Alikigeuza mkononi, akakipima.

"Krismasi?"

"Krismasi."

"Nitakujazia hadi kimwagike." Kisha akaona kisosi kingine ndani ya mkoba, kimefungwa kwa karatasi. "Hiki cha pili cha nani?"

"Nilichukua viwili kwa sababu kimoja huvunjika," nikasema. Halafu, kwa kuwa alikuwa ameshika kijiko changu: "Na kwa sababu kaka yako naye alicheka. Ni wa kumi na nane."

Wifi akaweka kijiko chini.

"Wa kumi na nane? Wifi, wewe ulikuwa uani. Nani unafikiri alikuja jikoni akaniambia, 'Huyo msimpe sahani, mtachoka kumwongezea'? Beseni alilisuuza yeye mwenyewe."

Nilitaka kucheka, nyuzi zikanikataza. Nikalihesabu upya lile jambo lote, tangu mwanzo, mara mbili.

Mlango wa wodi ukafunguliwa. Mume wangu akaingia wima, viatu vinang'aa, anapangusa mdomo. Wifi alivifunika visosi kwa kanga bila kuambiwa, akamsogezea kiti.

"Afande, karibu," nikasema. "Kaa."

Akakaa, akatutazama, akatabasamu. Tukamtazama na sisi, polepole, kuanzia juu hadi chini, kama ninavyomtazama mteja kabla sijamchagulia saizi ya nguo. Kwa macho yangu, kisosi kingemtosha.