Nilifunza mheshimiwa siri ya dinari za Warumi, sasa mwaitu haulizi maji tena

Wakuu, mko? Hii si chai, imetokea kwetu huku Kitui. Naishi Tulia lakini kutulia imenishinda.

Hobby yangu ni picha za pesa za kale, hasa dinari, ile fedha ya Warumi tunasoma kwa Biblia. Pastor anajua. Akaniambia, "Wewe na dinari zako, Jumapili tufundishe ile ya Kaisari."

Front seat alikaa mheshimiwa mmoja anatafuta kiti cha MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti. Ndiye aliahidi kanisa kisima.

Huku kwetu maji ni kufukua mchanga mtoni na kungoja. Mwaitu, yaani mama yangu, na wenzake walikuwa wanamkaba mlangoni kila ibada ikiisha. "Mheshimiwa, maji iko wapi?" Hawakuwa wanamwachilia.

Nikaanza vizuri. Nikasema toeni coin, hii ni sura ya nani? Watoto wakapiga kelele, "Twiga!" Kanisa lote likacheka.

Nikaeleza kwamba siku hizi sheria yetu inakataza sura ya mtu kwa pesa. Kaisari naye alibandika kichwa chake, na maandishi eti ni mwana wa mungu. Upande wa pili ni kujisifu.

Halafu, wakuu, huu mdomo wangu.

Nikasema kuna hekalu lilichorwa kwa dinari likiwa limesimama na nguzo zake, miaka kadhaa kabla likamilike. Mtu akishika hiyo pesa anaona kazi imeisha. Nilikuwa naonya watu! Hata nilikuwa nikiangalia front seat.

Mheshimiwa ameinamia simu. Nikadhani amekasirika, kumbe anaandika notes.

Nje akanisalimia kwa mikono miwili. "Mwalimu, umenibariki. Hiyo sheria inakataza pesa tu, si ndio? Haikatazi keyholder?"

Nikacheka, nikijua ni mzaha.

Wueh! Keyholder za funguo zikaletwa, kanisa lote likagawiwa, zinang'aa kama fedha. Upande mmoja kichwa chake. Upande wa pili kisima, bomba imefunguliwa, maji inamwagika, na punda anakunywa. Ai, hata punda!

Jumapili iliyofuata nikasimama mlangoni nione akikabwa. Akapita akisalimia watu. Hakuna mtu aliuliza kitu.

Nikauliza mimi, kwa sauti. Mwaitu akanivuta shati. "Wacha kutuaibisha. Huoni imeshachorwa?"

Nilikasirika, sitadanganya. Tukifika nyumbani nikamweleza tena kwamba hiyo ni picha tu, hakuna hata shimo limechimbwa.

Akaniangalia. "Si ni wewe ulituambia kanisani? Hilo hekalu la Warumi, mwishowe lilijengwa ama halikujengwa?"

Wakuu, lilijengwa.

Nilichojifunza ni kwamba ukitaka kufichua ujanja wa wakubwa, kwanza angalia ni nani anaandika notes.

Wenye mko na maneno kunishinda, niambieni ningemjibu mama aje. Nauliza nikiwa na haraka, kwa sababu saa hii ametoka na mitungi kwenda mtoni, na ameenda akiimba.