Taji Lililokwanguliwa

Evariste alikuwa fundi wa bunduki kule Pweto. Msimkunjie uso: ni kazi kama kazi, na wawindaji wote walimletea vyuma vyao. Vita ya mwaka tisini na tisa ikamfukuza yeye na mke wake Régine, wakavuka ziwa wakaingia nchi jirani, wakakaa Kabuta, akawa anashonea watu nyavu.

Mutoto wao mumoja, Stéphane, alibaki kulinda nyumba na bunduki ya babu yake. Baadaye naye akavuka, lakini mtumbwi ulifika mtupu. Hapo Régine akakataa kulia. Kwao, mutu akimezwa na maji, huzikwa kitu alichokuwa akikishika, ndipo matanga yakaliwe. Hawakuwa na kitu chake hata kimoja. Evariste naye moyo ukafa ganzi; ukimpa pole, anajibu tu, "Bon," yaani sawa.

Siku moja Sajenti Mubanga wa polisi ya Nchelenge akamwita. Bunduki zilizookotwa ziwani zilikuwa chini zikingoja kuchomwa, na sajenti alitaka kujua zipi za vita ya zamani. Evariste akachuchumaa.

"Hii ya alama ya mushale iko ya Waingereza. Hii ya FP iko ya Force Publique, jeshi ya Wabeleji. Baba yangu alibebaka ya namna hii mupaka Abyssinia."

Alisema bila kuinua sauti, bila kuishusha.

Ya tatu nayo ilikuwa na FP. Ila taji la mfalme juu ya herufi hizo lilikuwa limekwanguliwa, na mkwaruzo ulikuwa umeteleza ukaikata ile F. Mwaka wa uhuru baba yake alilikwangua kwa tupa, kwa hasira, tupa ikamponyoka. Evariste alikuwa amemshikia bunduki.

Aa, angenyamaza tu! Mkimbizi mwenye bunduki ni wa gerezani, kila mutu alijua. Msiba wa kujitakia hauna kilio, na mimi nisingemlaumu.

"Chef," akasema, "hii njo yetu. Mutoto wangu alikufa nayo. Unifunge, haina neno. Lakini muti wake wa kitako usiuchome. Mama yake hajazika."

"Munajuaje iko yenu, ba tata?" akauliza sajenti, akimwita baba kwa heshima ya kwao.

Akamwonyesha mkwaruzo, akamweleza. Mubanga akaingia ndani, akarudi na bisibisi.

"Chuma iko ya serikali," akasema. "Muti ulikuwa wa moto tu. Mubebe, tafazali, mukwai."

Evariste akalegeza skrubu, akautoa mti, akaufunga kwenye baiskeli.

Régine alikuwa akipasua samaki. Aliuona ule mti, akaupokea kwa mikono yenye magamba, akauweka shavuni. Halafu akapiga yowe, "Stéphane weee!", na majirani wakaja mbio. Evariste alisimama kando akiyangoja machozi yake. Hayakuja. Basi akaazima jembe kwa jirani, akachimba kaburi lisilozidi urefu wa mkono wake.