Mkaa Wenye Njaa

Costancia wa kijiji cha Ulaya, huku Kilosa, haoni haya kusimulia alivyochemka. Msimu uliopita alichimba shimo, akachoma magunzi ya mahindi, akayazima kwa maji kabla hayajawa majivu. Mkaa ule akauponda na kuumwaga mtupu kwenye nusu ekari yake ya kichanga. Mahindi yakaota, yakadumaa, yakawa ya njano.

"Hiyo ndiyo mbolea ya Ulaya?" kaka yake, Octavian, alimcheka.

"Ya Ulaya hii hii, kaka. Subiri."

"Nasubiri msimu mmoja tu. Yakigoma tena, nachukua shamba langu, napanda ufuta."

Hakuwa anatania. Shamba ni yeye aliyemwazima, na Costancia hakuwa na jingine.

Aliyemfumbua macho ni Vaileth, bibi shamba wa kata.

"Mkaa mtupu una njaa, mama. Unafyonza chakula chote cha udongoni, mahindi yanabaki yanakodoa macho. Ulishe kwanza."

Basi akaulisha. Wiki tatu nzima alishika njia ya boma la wafugaji, akachanganya mkaa na samadi na mkojo wa ng'ombe, akaufunika kwa majani ya migomba, kisha akaufukia shambani na kupanda upya. Na wale waliopita wameziba pua ndio hao hao wanaochoma magunzi yao kila mwaka mpaka yawe majivu, kisha wanalalamika udongo umechoka! Utaachaje kuchoka, na chakula chake kinapaa na moshi?

Machi mvua ikakata siku kumi na nane. Octavian akaja na kamba ya kupimia mistari ya ufuta, akidhani mahindi ya mdogo wake yameshakauka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nimekuja ku..."

Akatupa macho shambani. Mahindi yake mwenyewe, ng'ambo ya mfereji tu, yalikuwa yamejikunja kama majani ya kitunguu. Haya ya Costancia yalikuwa yametandaza majani, kijani kimekolea. Akachuchumaa, akafukua kwa vidole. Udongo ulikuwa na unyevu.

"Umemwagilia kwa siri wewe!"

"Kwa maji yapi, kaka? Hata ya kuoga nayabania. Mkaa ulioshiba ndio unashika ya mvua."

Octavian akaviringisha kamba taratibu, akaitia mfukoni.

"Haya, lima shamba lako," alisema. Akakohoa, akatazama pembeni. "Hivi... mkojo wa ng'ombe unaukingaje?"

"Kwa ndoo, kaka. Na mbio."